Anzeni na muhtasari, barua ifuate

Swali la wiki hii lilikuwa: diwani akimtukana mwananchi kikaoni, akivuruga mkutano au akipigia kura jambo lenye faida yake, wananchi wamwajibishe vipi bila kungoja uchaguzi? Ninavyoliona, kazi kubwa ni ile inayofanyika kabla barua ya malalamiko haijaandikwa. Malalamiko mengi hutupwa ilhali kosa lilitendeka mbele ya ukumbi mzima, kwa sababu muhtasari wa kikao haulitaji, na barua haisemi ni kanuni ipi iliyovunjwa.

Tafuteni nyaraka mbili mapema: kanuni za kudumu za halmashauri, ambazo huongoza uendeshaji wa vikao, na kanuni za maadili ya madiwani. Ombeni kwa katibu wa halmashauri, kwa maandishi, na mbaki na nakala ya ombi iliyogongwa muhuri. Humo mtaona vifungu vya lugha kikaoni, mamlaka ya mwenyekiti, kutangaza maslahi (diwani kusema wazi kuwa jambo linamgusa yeye binafsi), mahudhurio, na utaratibu wa kulalamika. Angalieni hasa muda wa mwisho wa kupeleka malalamiko. Ukipita, hata ushahidi safi haufui dafu.

Kikaoni, watu wawili waandike kila mmoja kivyake. Kinachotakiwa ni saa, namba ya ajenda, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa na kwa lugha iliyotumika, nani alikuwa kwenye kiti, na mwenyekiti alifanya nini. Kuandika “alimdhalilisha mama mmoja” hakusaidii, maana hiyo tayari ni hukumu. Andikeni neno alilosema, hata likiwa la aibu. Wote wawili wasaini na kuweka tarehe siku hiyohiyo. Kama kurekodi kunaruhusiwa, rekodini tangu kikao kinapofunguliwa na mtunze faili la asili bila kulikata. Kipande cha sekunde 20 kinachozunguka kwenye simu humpa diwani utetezi rahisi: kwamba alichokozwa, na sehemu hiyo imeondolewa. Haki ya kurekodi haifanani kila mahali. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 2014 zinazowaruhusu wananchi kurekodi vikao vya wazi vya halmashauri nchini England. Kwingine lazima mwombe kibali cha mwenyekiti.

Sasa muhtasari, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Muhtasari huandika maamuzi, si kila neno. Tusi halitaingia lenyewe. Njia ya kuliingiza ni diwani mwingine asimame palepale na kutoa hoja ya utaratibu: ataje kanuni iliyovunjwa na aombe maneno yale yaandikwe kama yalivyosemwa, na mwenyekiti atoe uamuzi. Hoja hiyo ikicheleweshwa hadi ajenda inayofuata, mwenyekiti ana haki ya kuikataa, kwa kuwa imepitwa na wakati. Mwananchi aliyekaa ukumbini kwa kawaida hawezi kuitoa. Ndiyo maana kabla ya kikao kinachotarajiwa kuwa na moto, zungumzeni na diwani mmoja au wawili wanaojali heshima ya baraza, wajue kifungu na wawe tayari.

Nafasi hiyo ikipotea, ipo ya pili: kikao kijacho, kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari. Ombeni rasimu mapema, ilinganisheni na maandishi yenu, na mpelekeeni katibu marekebisho mnayotaka, sentensi kwa sentensi. Kisha diwani mmoja ayapendekeze. Jihadharini na kosa moja: ajenda hiyo hujadili usahihi wa kumbukumbu tu. Anayeanza kulaumu tabia ya mtu hapo atakatizwa, na marekebisho yake yataanguka pamoja naye.

Maslahi binafsi yana ushahidi tofauti kabisa, na ni kosa zito kuliko tusi hata kama halipigi kelele. Tazameni rejesta ya maslahi ya madiwani kabla ya kikao. Wakati ajenda inayomgusa inapofika, andikeni kama alitangaza, kama alitoka nje, kama alichangia, na alipiga kura upande gani. Kura ikipigwa kwa sauti ya pamoja, jina lake halitaonekana popote. Diwani mwingine aombe kura ya majina, yaani kila diwani aitwe na kura yake iandikwe, pale kanuni zinapomruhusu. Kuhusu utoro, orodha ya mahudhurio inatosha. Afrika Kusini, diwani akikosa vikao vitatu mfululizo ambavyo alipaswa kuhudhuria, kanuni za maadili zinataka aondolewe. England, kukosa vikao vyote kwa miezi sita bila ruhusa ya baraza humpotezea kiti.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Tukio moja, tarehe, namba ya ajenda, kifungu, maneno au kitendo, mashahidi, viambatisho, kisha mnachoomba: kuombwa radhi, onyo, au uchunguzi. Msichanganye na barabara mbovu wala ahadi za kampeni. Kamati ya maadili itachukua lililo nje ya uwezo wake iwe sababu ya kurudisha barua yote. Pelekeni kwenye anwani iliyotajwa na kanuni pekee. Nakala kwa ofisi kumi hufanya kila ofisi idhani nyingine inashughulikia. Wala msiisambaze kabla haijasikilizwa, kwani madai ya kashfa yanaweza kuwageukia nyinyi.

Pimeni pia kama ni kosa kweli. Diwani anayepinga bajeti kwa ukali, au anayeiita sera ya wenzake upuuzi, anafanya kazi aliyotumwa. Kumwita mtumishi mwizi bila ushahidi, kumnyamazisha mwananchi aliyepewa nafasi ya kusema, au kukaidi amri ya kukaa chini ni jambo jingine.

Na mjue mapema adhabu inafika wapi. Scotland ina tume ya maadili inayoweza kumzuia diwani kugombea kwa hadi miaka mitano. England, tangu sheria ya mwaka 2011, halmashauri haiwezi kumsimamisha diwani kwa utovu wa maadili. Inaweza kumkaripia hadharani na kupendekeza aondolewe kwenye kamati. Panapokuwa na adhabu nyepesi namna hiyo, ombeni uamuzi usomwe kwenye kikao cha wazi na uingie kwenye muhtasari, kisha tunzeni namba ya uamuzi huo. Akirudia, barua ya pili itaitaja namba hiyo kwenye aya ya kwanza, na kamati haitaweza tena kusema ni mara yake ya kwanza.