Altezza moja, hela ya msimu mmoja: mita 402 au kona?

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau wote. Kwa atakayeanzia hapa: jamaa yuko Mtwara mjini, ana Toyota Altezza RS200 ya gia sita za klachi, hela ya korosho imeingia, na anauliza afunge turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, aanze kutafuta sekunde za mita 402, yaani mbio za kunyooka zinazoitwa drag, au alitengeneze gari la kukimbia kwenye kona. Wengi wamemwambia "piga turbo kwanza, mengine yatajipa". Mimi napinga. Nimekaa pande zote mbili: nilikuwa na Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE iliyojengwa kwa mbio za kunyooka, na sasa natumia Altezza kama yako. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu, vumilia.

Watu wanadhani tofauti ya drag na mbio za kona iko kwenye farasi, yaani nguvu ya injini. Si kweli. Tofauti iko kwenye muda ambao gari linateseka. Drag inaisha ndani ya sekunde 10 mpaka 15 kwa magari yetu haya ya mtaani. Unaondoka, unapanga gia, unavuka mstari, unaachia, injini inapumzika. Mbio za saketi, yaani za kona kwenye njia ya mzunguko, ni dakika 20 na zaidi bila kupumua: unakanyaga breki kwa nguvu, unakata kona, unafungua mafuta, unakanyaga tena. Joto linalozalishwa kwenye drag linapata nafasi ya kutoka. Kwenye saketi linajilimbikiza kwenye maji, kwenye oili, kwenye diski za breki, mpaka kwenye tairi. Ukilishika hilo, utajua hela yako iende wapi kabla hujampigia fundi simu.

Tuanze na drag, maana najua moyo wako uko huko.

Kwenye drag kila kitu kinaamuliwa pale unapoondoka. Wanaopima mbio hizi huangalia sana mita 18 za kwanza, kwa sababu sehemu ndogo ya sekunde unayookoa pale inakuwa kubwa zaidi ukifika mwisho. Gari likiondoka, uzito unahamia nyuma. Gari lako linasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo unautaka uzito huo, unaukaribisha. Springi za mbele zinaachwa laini ili pua inyanyuke, stebilaiza ya mbele (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) wengine wanaitoa kabisa, tairi za nyuma zinakuwa na ukuta mnene na zinapunguzwa upepo ili zikae kwenye lami kama chapati kwenye kikaango. Difu, inayogawa mwendo kwa tairi za nyuma, inafungwa ili zote mbili zivute pamoja. Klachi inakuwa ya vipande, ngumu, inayoshika ghafla.

Hiyo ndiyo Mark II yangu ilivyokuwa, na kwa kazi yake ilikuwa tamu, sitadanganya. Ila iendeshe sasa kutoka Ligula kwenda Mikindani jioni, nyuma ya bajaji zilizosimama kupakia. Mguu wa kushoto unakufa ganzi. Ukikata kona ya kuingia sheli, difu iliyochomelewa inaburuza tairi za nyuma, watu wanageuka kukuangalia wakidhani gari limeharibika. Mvua za huku kwetu zikianza, Desemba mpaka Aprili, ndiyo balaa: unageuza usukani kwenye lami yenye maji, pua inataka kuendelea mbele kwa sababu tairi za nyuma zinasukuma kwa mwendo mmoja. Gari la drag lililojengwa kisawasawa halifai kwa kazi nyingine. Anayekwambia atakujengea gari la drag la kwendea Masasi na familia anataka hela yako tu.

Sasa njoo kwenye gari lako lenyewe. 3S-GE, injini ya RS200 ya klachi, ni mashine ya kupumua, siyo ya kulazimishwa. Inatoa farasi 210 kule juu, mizunguko 7,600 kwa dakika, ina VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu) pande zote mbili, za kuingiza na kutoa, na mgandamizo wake, yaani kiwango cha kubana hewa na mafuta, ni 11.5 kwa 1. Namba hiyo ya mwisho ndiyo wadau wameiruka. Injini yenye mgandamizo huo ukiisukumia hewa ya turbo, mchanganyiko unawaka wenyewe kabla ya wakati wake, pistoni zinapigwa, na kwa joto la pwani hewa inayoingia tayari ni ya moto. Ili uifanye kwa usalama unafungua injini, unabadilisha pistoni ziwe za mgandamizo mdogo, noseli kubwa, pampu ya mafuta, intakula ya kupoza hewa ya turbo, halafu unahitaji mtu anayejua kweli kuandika upya ramani ya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Huyo wa mwisho utamfuata Dar, na utamfuata zaidi ya mara moja. Ukimaliza yote hayo unakutana na gia boksi. Ile ya gia sita ni AZ6 ya Aisin, familia moja na zile zilizofungwa kwenye Mazda MX-5 na Silvia S15. Inaingia gia vizuri sana, mimi naipenda, lakini haijawahi kusifiwa kwa kubeba msukumo mkubwa wa turbo, hasa ukiwa unaachia klachi kwa kishindo.

Linganisha na 1JZ-GTE ya VVT-i: imetoka kiwandani na turbo, lita 2.5, farasi 280, mgandamizo 9 kwa 1, na matoleo ya klachi yanakuja na gia boksi ya R154 ambayo ni chuma. Kwa hiyo kama kweli ni drag unayoitaka, ushauri wangu ni mfupi: uza Altezza ikiwa nzima, ongeza hela, tafuta Mark II au Chaser Tourer V. Utafika haraka na kwa gharama ndogo kuliko kuigeuza 3S-GE kuwa kitu ambacho haikuzaliwa kuwa.

Na utakimbilia wapi? Hili linanikera kila likija humu. Mtu anakutajia kipande cha barabara baada ya Mnazi Mmoja kuelekea Masasi, "pamenyooka mkuu, usiku hapana mtu". Pana watu. Pana baiskeli zisizo na taa, pana mbuzi waliolala kwenye lami kwa sababu ina joto, pana malori ya saruji, na ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini. Tena ni kosa kisheria. Lakini tuache sheria, tuzungumze nafasi ya kusimama. Mita 402 ni za kukimbilia tu. Baada ya hapo unahitaji lami nyingine ndefu ya kupunguza mwendo. Wamarekani wenye viwanja vya kazi hiyo waliona hazitoshi. Mwaka 2008 dereva wa drag Scott Kalitta alifariki Englishtown, New Jersey, gari lilipovuka mstari na kushindwa kusimama, na mwaka huohuo NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, wakapunguza mbio za magari yao makubwa kutoka mita 402 hadi mita 305 hivi, ili ibaki nafasi zaidi ya kusimamia. Wale wana miavuli nyuma ya gari na mchanga wa kuwapokea mwisho wa njia. Wewe unayo mikorosho.

Upande wa kona nao tusiupambe. Saketi ya lami ya mashindano hapa Tanzania hatuna. Ukitaka ya ukweli kusini mwa Afrika unazungumzia Kyalami, nchini Afrika Kusini. Mchezo wenye uhai nchini ni rally, chini ya Automobile Association of Tanzania, kama ile ya Mkwawa kule Iringa, na hiyo ni vumbi na mawe. Altezza si gari la vumbi. Lakini angalia kitu kimoja: kazi unazofanya kulitengeneza gari kwa kona, karibu zote unazitumia siku ya kawaida. Kazi za drag unazitumia sekunde 15.

Breki ndizo za kwanza, na hapa nitakaa kidogo. Nishati ambayo breki inatakiwa kuila inapanda kwa mraba wa mwendo. Kusimama kutoka kilomita 160 kwa saa ni kazi mara nne ya kusimama kutoka 80, si mara mbili. Nishati yote hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi, na linapanda mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230. Ila mafuta haya yanavuta unyevu hewani, na yakishalowa kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Sisi tunaishi baharini. Gari lililokaa Shangani miaka kadhaa bila kubadilishwa mafuta ya breki limebeba maji kwenye mabomba, na mwenyewe hajui, kwa sababu mjini pedali iko vizuri tu. Ngoja ashuke na gari kutoka Newala, huku anakanyaga breki kila kona badala ya kushusha gia. Mafuta yanachemka, mapovu yanaingia kwenye bomba, pedali inazama mpaka sakafuni. Mapovu yanabanwa, mafuta hayabanwi, ndiyo maana breki zinapotea ghafla wakati pedi bado ni nene.

Kwa hiyo hela ya kwanza: DOT 4 mpya, ipigwe mpaka ya zamani yote itoke, pedi nzuri, diski zisizo na mawimbi, na mabomba ya mpira ya breki kama yameanza kupasuka. Hakuna atakayekupigia makofi kwa hiyo kazi. Haina mlio.

Baada ya hapo tairi. Nne zinazofanana, za tarehe ya karibuni, siyo mbili mpya na mbili za mtumba zilizokaushwa na jua la duka. Kisha rejeta na feni, na thermostati irudishwe kama kuna fundi aliitoa "ili gari lisichemshe". Wanapenda sana kuitoa huku. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kujikwangua yenyewe.

Oili ni habari nyingine kwenye kona. Ukikata kona ndefu kwa kasi, oili yote kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inakimbilia upande mmoja. Ikiwa chini kidogo ya kipimo, pampu inavuta hewa badala ya oili, na beringi za krenki zinakaa kavu huku mizunguko iko 7,000. Injini inanoki, na mwenye gari analaumu oili feki. Kwenye drag kuna kuondoka na kusimama tu, huo mteremko wa pembeni haupo. Wanaokimbia saketi wanaweka vizuizi ndani ya sampo. Wewe kwa sasa kipime kila wiki na kiwe juu, karibu na alama ya mwisho, bila kuizidisha.

Mwisho ndiyo shokapu na bushi, ile mipira ya viungo vya chini. Watu wanaanza na kushusha gari kwa sababu linapendeza kwenye picha. Altezza ya mwaka 1999 au 2000 bushi zake zimekwisha, na ukifunga shokapu ngumu juu ya bushi zilizokwisha, umenunua kelele. Badilisha bushi, badilisha mikono yenye mchezo, peleka kwenye alaimenti, liendeshe wiki chache. Kuna uwezekano mkubwa utagundua gari ulilokuwa unataka ulikuwa nalo, limechoka tu. Stebilaiza nene na shokapu zije baadaye, tena usishuke sana, matuta ya hapa mjini hayana huruma na sampo.

Nguvu? Acha ilivyo. Farasi 210 kwenye gari la kilo 1,340 na kidogo zinatosha kukufundisha, na tukiwa usawa wa bahari injini isiyo na turbo inapata hewa nzito kuliko ya jamaa zetu wa Mbeya, kwa hiyo farasi zako karibu zote unazo. Safisha noseli, badilisha plagi, hakikisha VVT-i zote mbili zinafanya kazi, maana nimeziona RS200 nyingi zinazosemwa "hazina nguvu" kumbe valvu ya oili ya VVT-i imeziba kwa uchafu.

Mdau mmoja hapo juu ameuliza kwa nini asifanye nusu kwa nusu. Springi laini mbele au ngumu? Difu iliyofungwa au inayogeuka? Tairi ya ukuta mnene au mwembamba? Kila sehemu utakayoigusa inakutaka uchague, na ukikaa katikati utashindwa na wa drag, utashindwa na wa kona, na bili utalipa mbili.

Kabla hujanunua chochote, tafuta jeki, lipandishe gari, piga picha bushi za mikono ya nyuma na mabomba ya breki, uziweke humu. Angalia na kutu pale shokapu za nyuma zinapofungwa, chumvi ya bahari inapenda kuanzia hapo. Na kama difu yako ni ya LSD ya kiwandani, ile inayozuia tairi moja kuteleza peke yake, niambie, maana kuna RS200 zilizokuja nayo, na hiyo usikubali fundi yeyote akuchomelee.