Dada, usiupeleke mkopo wa kila wiki kwenye mpunga

Msomaji wa Uyole, Mbeya, ameniandikia wiki hii: "Dada, nimepata mkopo wa 1,000,000, marejesho ni 100,000 kila wiki kwa wiki 12. Nataka nishuke Ubaruku nichukue mpunga, nikoboe, niuze mchele hapa mtaani. Nizingatie nini?"

Ubaruku ni kule Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Namjibu hapa kwa sababu swali lake ni la akina mama wengi, kuanzia Mwanjelwa hapa Mbeya mpaka Kihesa kule Iringa.

Dada yangu, mchele ni biashara nzuri, ila pesa uliyoshika si pesa ya mchele. Rejesho la kwanza linadaiwa siku ya saba, na siku hiyo mpunga wako bado uko juani au unasubiri foleni ya mashine. Utalipa kwa kutumia nini? Utamega mtaji. Ikifika wiki ya nne umesharudisha 400,000 na pengine hujauza hata magunia mawili. Ndiyo maana mikopo ya namna hii ikaitwa kausha damu. Pesa ya marejesho ya wiki inataka bidhaa inayogeuka pesa ndani ya siku mbili tatu: nyanya za Ilula, mbogamboga, vitafunwa, chakula cha mchana. Mpunga unataka pesa inayoweza kutulia. Huvunwa kuanzia Mei, bei huwa chini Juni na Julai, na kwa kawaida hupanda kuanzia Desemba. Anayefaidi ni yule anayeweza kuusubiri.

Tuseme sasa unayo pesa yako mwenyewe. Piga hesabu kabla ya kupanda gari. Nachukua bei za mfano tu, wewe weka za siku hiyo. Umenunua kilo 1,000 za mpunga kwa 900 kila kilo, hiyo ni 900,000. Usafiri 60,000, kukoboa 50,000, kupakia na kushusha 20,000, mifuko 15,000, ushuru 15,000. Jumla 1,060,000. Mpunga mzuri hutoa mchele kama kilo 60 hadi 65 kwa kila kilo 100, kwa hiyo shika kilo 620. Kilo moja ya mchele imekugharimu takribani 1,710. Wengi huchukua ile 900,000 peke yake, wakagawa kwa 620, wakapata 1,450, kisha wakauza kwa 1,700 wakiamini wanapata faida ya 250. Kumbe kila kilo inawatia hasara ya shilingi 10, na bado chenga, yaani punje zilizovunjika, hazijatolewa. Chenga huuzwa kwa bei ya chini, kwa hiyo zipime peke yake. Pumba nazo ni pesa, wafugaji wa kuku na nguruwe wanazitafuta. Kubaliana na mwenye mashine mapema kama pumba ni zako au ni zake.

Hasara kubwa huanzia kwenye unyevu. Ukinunua mpunga mbichi umelipia maji, na kilo zitapungua ukikauka. Ng'ata punje: ikilia na kukatika ni kavu, ikibonyea bado. Mashine inataka unyevu wa kama asilimia 14. Anika kwenye turubai, tabaka lisizidi sentimita tano, geuza kila baada ya nusu saa, na jioni funika. Jua kali la mchana likifuatiwa na umande wa usiku huzipasua punje kwa ndani, huoni kitu mpaka mashine ikutolee chenga tupu. Kabla hujalipia mzigo wote, omba kukobolewa kilo 10 za sampuli. Ukipata mchele chini ya kilo 6, shusha bei au ondoka. Usione aibu. Aibu imewala mtaji dada zetu wengi.

Usichanganye aina za mchele, kama supa na Saro. Mteja akipika akakuta mchele mwingine umeiva na mwingine bado, harudi. Na usiandike Kyela kwenye mfuko wa mchele wa Usangu. Mchele wa Usangu una wateja wake, uuze kwa jina lake. Weka akiba ikiwa mpunga, koboa kidogo kidogo, kwa sababu mchele huwahi kuingiwa na wadudu. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, yasiguse ukuta.

Kwa wanaotaka viazi neno langu ni fupi: nunua kwa mizani, siyo kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, maana utauza kwa sado, kile kindoo cha kupimia, na kila sado ina uzito wake. Mwaga gunia uone chini kuna nini. Viazi vilivyonyeshewa huoza ndani ya gunia, na vilivyokaa juani hugeuka kijani vikawa vichungu. Mkaanga chipsi hatavigusa.

Sasa la nyumbani, na hapa nasema kwa uchungu. Familia inayopika kilo moja ya mchele wa biashara kwa siku imekula kilo 30 kwa mwezi, yaani 51,300 kwa ile bei yetu ya 1,710. Hujaibiwa, umeula mtaji. Kilo hiyo iandikwe kwenye daftari na ilipiwe na pesa ya matumizi ya nyumbani, hata kama anayeitaka ni mama mkwe. Laini ya simu inayopokea malipo isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA, siyo cha shemeji wala cha mume. Mkigombana, mwenye laini ndiye mwenye pesa. Soma pia karatasi ya mkopo uone dhamana ni nini: godoro, friji, au nyumba. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na sheria hiyo inakulinda wewe na yeye pia.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, haiuzwi, TRA (mamlaka ya mapato) wanatoa bure. Weka daftari la mauzo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu hukadiriwa kodi kubwa kuliko mwenye nazo. Ukifikia kufungasha mchele kwa nembo yako, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango.

Na wewe wa Uyole, kama mkopo bado hujausaini, uache. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukaulizie mkopo wa halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, na mkopo huo hauna riba. Unahitaji kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Kama umeshausaini, chukua nyanya matenga mawili, yenye mbivu na zinazoelekea kuiva, uza ndani ya siku tatu, na rejesho la kila wiki litenge kabla hujanunua mzigo mwingine. Ubaruku utaenda Juni.