Barua kwa Mwanangu: Watu wa Paul Henry Walikwenda Wapi?

Mwanangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Umeniandikia kwamba kwenye nyumba unayopanga huko Galway, Ireland, kuna picha ukutani: milima ya buluu, mawingu makubwa, nyumba nyeupe zilizoezekwa nyasi, na jina la Paul Henry pembeni. Ukaniuliza, "Mama, huyu mchoraji aliwachukia watu? Mbona hakuna hata mmoja?"

Hakuwachukia, mwanangu. Alianza nao.

Alizaliwa Belfast mwaka 1876, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Mwaka 1898 alikwenda Paris kusoma, na mmoja wa walimu wake alikuwa Whistler, mchoraji wa Kimarekani aliyejali mno namna mwanga unavyoingia gizani hatua kwa hatua. Shika hilo, kwa sababu Henry hakuweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Mwenye macho ya namna hiyo akifundishwa kupima weupe na weusi, amepewa njia ya kupita. Naamini buluu na kijivu za ukutani kwako zilianzia huko.

Baadaye aliishi London, akichorea magazeti ili apate riziki. Mwaka 1903 alimwoa Grace Mitchell, mchoraji mwenzake kutoka Scotland. Mwaka 1910 wakaenda kutembea Achill, kisiwa cha magharibi mwa Ireland. Mwenyewe alisimulia kwamba aliichana tiketi yake ya kurudi na kuvitupa vipande baharini. Kisiwa kikawa makazi yake mpaka mwaka 1919.

Na alichora nini miaka ile ya mwanzo? Kazi za watu. Katika *Launching the Currach* wanaume wanausukuma majini mtumbwi wao, ule wa mbao nyepesi unaovikwa turubai na kupakwa lami. Katika *The Potato Diggers*, ya mwaka 1912, wanawake wako shambani wanachimba viazi. Nakuomba usiione picha hiyo kama mandhari ya shamba tu. Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza ardhini, iliua watu wapatao milioni moja, na wazee wa Achill waliochorwa na Henry walikuwa watoto wa walionusurika. Tena vijana wa kisiwa kile walikuwa wakivuka bahari kila msimu kwenda Scotland kuchimba viazi vya wengine. Henry aliijua migongo ile. Ameichora kwa uzito, bila kuipamba na bila kuililia.

Sasa, walikwenda wapi? Kwanza, wenyeji wengi hawakupenda kuchorwa. Ilimbidi awachore kwa kuibia, na mtu anayekukimbia huwezi kumtazama kwa utulivu. Mlima haukimbii. Taratibu akaugeukia mlima, na ziwa, na marundo ya udongo mweusi wa kinamasi ambao watu wa huko huukausha na kuuchoma badala ya kuni.

Kisha ikaja biashara. Alihamia Dublin, na katika miaka ya 1920 kampuni ya reli ya London Midland and Scottish ikachukua picha yake ya Connemara, eneo la magharibi mwa Ireland, ikaifanya bango la kuwavuta watalii. Bango likapendwa sana. Wanunuzi wakataka milima ile ile na nyumba zile zile, naye akawapa, mara nyingi mno kwa maoni yangu. Simlaumu kwa kutafuta chakula. Lakini baadhi ya picha zile za baadaye ni kama wimbo alioombwa aurudie mpaka yeye mwenyewe akaacha kuusikiliza. Zile nzuri, kama *Dawn, Killary Harbour*, bado zinanishika koo: maji, mwanga, na hakuna kilichozidi.

Kuhusu Grace, ananiuma. Achill haikumpendeza kama ilivyompendeza mumewe, ila aliichora kwa ujasiri, hasa usiku wake, na kwa miaka mingi akatajwa kama mke wa fulani tu. Walitengana mwaka 1930. Grace alifariki mwaka 1953, na Henry akamwoa Mabel Young, mchoraji pia. Kufikia hapo Henry alikuwa amekwisha kupoteza uwezo wake wa kuona, tangu mwaka 1945. Alifariki mwaka 1958.

Ukipata siku ya mapumziko, panda basi uende Dublin, Jumba la Taifa la Sanaa pale Merrion Square. Kuingia kuona mkusanyiko wao wa kudumu ni bure. Uliza kama *The Potato Diggers* imetundikwa. Usikimbilie kupiga picha kwa simu. Tazama kwanza ardhi imechukua sehemu gani ya turubai na mbingu imepewa kiasi gani, halafu ulinganishe na ya ukutani kwako. Uulizie na kazi za Grace, kisha uniandikie ni yupi kati yao ungemtundika chumbani kwako.

Mama yako anayekupenda