Mwacheni apige simu mwenyewe

Swali lenu la wiki hii linauliza: kijana aliyemaliza sekondari hapa Marekani na kukubaliwa chuo atumieje kiangazi kinachobaki kabla ya masomo kuanza? Wengi watasema atafute kazi, wengine watasema apumzike maana amesoma vya kutosha. Sipingi hata moja. Ila kwangu la kwanza ni hili: mambo yake ya chuo ayashughulikie yeye mwenyewe, sisi wazazi tukae pembeni.

Kila mwaka kuna vijana wanaokubaliwa chuo, wakafanyiwa sherehe, halafu masomo yakianza hawaonekani. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walilichunguza jambo hili wakakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 20 ya waliokusudia kwenda chuo hupotelea katika miezi hiyo ya kiangazi, na wanaotoka familia zenye kipato kidogo ndio huathirika zaidi. Tazama kalenda utaona sababu. Sekondari hufunga Mei au Juni, na mshauri aliyemsaidia kujaza fomu huenda likizo. Chuo nacho bado hakimjui. Hapo katikati, asipokuwepo wa kumkumbusha, ndipo barua zinapomiminika: uthibitisho wa kipato cha wazazi, cheti cha chanjo, bweni, usajili wa masomo, ankara ya kwanza. Nyingi huja kwa barua pepe ya chuo, ambayo kijana hajazoea hata kuifungua.

Chukua barua ya msaada wa masomo peke yake. Mara nyingi ruzuku, mkopo na kazi ya chuoni huorodheshwa pamoja na kujumlishwa kama fedha za aina moja. Ruzuku hairudishwi. Mkopo hurudishwa pamoja na riba. Fedha ya kazi ya chuoni hupati mpaka uifanye kazi yenyewe, kwa hiyo usitegemee ipunguze ankara ya Agosti. Mwaka jana mwanangu wa kwanza aliiweka barua yake mezani akaizungushia mikopo yote kwa kalamu nyekundu. Kilichobaki bila wekundu kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani. Akapiga simu chuoni kuuliza kama anaweza kukataa mkopo mmoja na kuchukua mwingine. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki pale ningemjibia. Aliporudi kunieleza alikuwa na jina la mtu aliyezungumza naye na tarehe ya mwisho ya kujibu, ameviandika pembeni mwa karatasi.

Bima ya afya ni nyingine. Vyuo vingi humwandikisha mwanafunzi katika bima yao na kuiweka kwenye ankara, mpaka yeye ajaze fomu ya kuthibitisha kwamba ana bima nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2010, mtoto anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka afikishe miaka 26, kama mzazi anayo bima inayowahusu watoto. Fomu hiyo moja isipojazwa kwa wakati, familia inalipa bima mara mbili.

Wapo wazazi watakaosema hayo yote tutayafanya sisi, mtoto bado mdogo. Naielewa huruma hiyo. Lakini iko sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, na akishaingia chuo haki juu ya kumbukumbu hizo huwa zake, hata kama mzazi ndiye anayelipa ada. Mzazi akipiga simu kuuliza alama za mwanawe, mara nyingi ataambiwa ridhaa ya mwanafunzi inahitajika kwanza.

Kwa familia zetu zilizohamia hapa naona jambo hili lina uzito wa pekee. Watoto wetu wengi wamekuwa wakalimani wetu tangu wadogo, hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba. Wanajua kupiga simu kwa ajili yetu vizuri kabisa. Kujiulizia mambo yao wenyewe wanaona haya, kama vile wanamsumbua mtu. Haya hiyo haiishi kwa kuambiwa, inaisha kwa kupiga simu ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakiwa bado nyumbani ambapo wakikwama kuna wa kumuuliza.

Kazi ya kiangazi ni nzuri, tusijidanganye tu kwamba italipa ada. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo mengi yanalipa zaidi. Itanunua shuka na vitabu, na kijana atajifunza kusoma hati ya mshahara wake aone kodi imekatwa wapi. Na kulala, jamani, mwacheni alale.

Wa kuangaliwa zaidi ni anayekwenda chuo cha jamii, kile cha miaka miwili kilicho karibu, huku akiishi nyumbani. Hana bweni la kuhamia wala sanduku la kufunga, kwa hiyo hata ndugu hawamuulizi maandalizi yamefikia wapi. Huyo muulizeni wiki hii kama ameshasajili masomo yake ya muhula wa kwanza. Kama hajasajili, mpeni simu, apige kabla madarasa hayajajaa.