Hesabu Pumzi Kabla ya Madoa

Ukianza kazi ya kutunza samaki wa mapambo wa baharini, hapa kwetu Pwani ya Kenya, watu watakuonyesha madoa meupe kwanza. Mimi ningekuonyesha mashavu. Asubuhi, kabla ya kurusha chakula, simama kimya mbele ya tangi uhesabu samaki anapumua mara ngapi kwa dakika, kisha uandike. Ukishamzoea akiwa mzima, utajua anaumwa mapema kuliko anayengoja madoa.

Maana madoa yanadanganya. Kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans huonekana kama punje za chumvi kwenye mapezi, na samaki aitwaye kangaja ndiye anayekipata upesi. Baada ya siku 3 hadi 7 punje zinapotea, nawe unashangilia. Kumbe kimelea kimeshiba, kimedondoka mchangani, kimejifunga ndani ya ganda na humo kinazaliana. Watoto wanatoka kwa mamia, mara nyingi usiku, wanamrudia samaki yuleyule.

Wa kuogopwa zaidi ni kimelea kingine, Amyloodinium. Huyu haachi punje, anaacha vumbi laini la rangi ya dhahabu, ambalo utaliona ukimulika tochi kutoka ubavuni, na pengine usilione kabisa kwa kuwa anaanzia mashavuni. Samaki anahema, anakataa chakula, anajibanza kwenye mkondo wa pampu. Siku chache tu, tangi zima limekwisha. Ukishusha chumvi kutoka gramu 35 kwa lita hadi 14 au 16, yule wa madoa unamweza. Huyu wa vumbi hababaiki. Anataka mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba.

Na mrututu ndio ulionitia adabu. Mwaka wangu wa kwanza niliumimina kwenye tangi lenye matumbawe. Kamba na konokono wakafa wote, mawe yakanyonya shaba, kipimo kikashuka, nami nikazidi kuongeza! Tibu kwenye tangi tupu lenye pampu ya hewa na vipande vya bomba vya kujifichia, basi. Shaba iwe miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, uipime kila siku. Dawa za shaba za chupa zina vipimo vyake, soma karatasi yake. Ikipungua kimelea kinapona, ikizidi anakufa samaki. Tangi kubwa walimougulia nalo libaki bila samaki hata mmoja, ili kimelea kife kwa kukosa wa kumrudia. Wengine wanasema wiki 6 zinatosha, mimi sirudishi samaki kabla ya wiki 10.

Akijikuna maweni bila doa lolote, mtie kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) sawa na ya tangi lake na yanayopigwa hewa, dakika 3 hadi 5, huku macho yako yasibanduke. Minyoo bapa ikiwapo, utaiona imekuwa myeupe na kudondoka chini ya ndoo kama magamba madogo.

Ndoo hiyo isiguse tangi jingine, wala wavu wake. Wavu wangu wa karantini una mpini mwekundu, na anayeuazima bila kuniambia tunagombana.