Jibu Lisilo na Safu Wima

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku Mbale, na kumbukumbu zetu tunaziweka katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Juzi nilisahau kutaja safu wima, nikaandika SELECT FROM wakulima. Na psql, programu ninayoandikia maagizo ya PostgreSQL, haikulalamika, bali ilichora vistari viwili na chini yake ikaandika kwamba kuna safu mlalo 212. Je, hifadhidata imeharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, hifadhidata yako ni nzima, na hakuna mkulima aliyepotea. Uliagiza jedwali lisomwe bila kusema kionyeshwe nini, na PostgreSQL, ambayo tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014 hukubali ulizo la namna hiyo, ilikuletea safu mlalo zote 212, kila moja ikiwa tupu. Vile vistari viwili ni ncha za mstari ambao psql huuchora chini ya vichwa vya safu wima: kimoja ni cha kushoto, kingine cha kulia, na katikati hapakuwa na cha kupigiwa mstari.

Ruhusa hiyo ina sababu yake. PostgreSQL hukuruhusu kuunda jedwali lisilo na safu wima hata moja, na mtu akilitungia mwono, yaani ulizo lililohifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali, mwono huo lazima uweze kuingia katika nakala ya akiba na kurejeshwa kama ulivyokuwa. Programu nyingine za hifadhidata, MySQL na SQLite, zingekurudishia kosa la sarufi papo hapo.

Mimi naona psql inafanya haki kuonyesha idadi hata pasipo data, kwa sababu idadi yenyewe ni jibu. Ukiandika WHERE EXISTS (SELECT FROM magunia WHERE magunia.mkulima = wakulima.namba), unachotaka kujua ni kama mkulima ameleta gunia au hajaleta, na kwa hilo safu wima haihitajiki. Ndiyo maana anayetengeneza programu ya kuonyesha majibu asipime kuwapo kwa jibu kwa kuhesabu safu wima. Akifanya hivyo, safu mlalo zako 212 zitaonekana kama si kitu. Aitazame hali ya jibu inayotoka kwa seva, kisha ahesabu safu mlalo.

Kwa orodha uliyoikusudia, andika SELECT jina, kijiji FROM wakulima, ukitumia majina ya safu wima kama yalivyo katika jedwali lenu.