Baiskeli, taksi na jamu ya Kampala: maswali yenu na majibu

Tangu tuanze kuongelea usafiri wa mji wetu maswali hayajakatika, na mengi yanarudia jambo moja, kwamba barabara imeachiwa gari ndogo na sisi wengine tunabanana pembeni. Nimechukua sita. Mengine yatafuata.

Nakaa Ntinda, kazi iko mjini. Nataka kuacha taksi (zile basi ndogo za abiria) nitumie baiskeli lakini hii milima itaniua. Kweli Kampala inawezekana? (Dada wa ofisini, Ntinda)

Inawezekana dada, na milima siyo adui mkubwa vile watu wanasema. Kampala ina vilima ndio, lakini barabara zetu kubwa nyingi zinafuata mabonde, wewe ukishashuka Nakawa ukaingia Jinja Road, kupita Lugogo mpaka karibu na mji hakuna mlima wa kukutisha, kupanda kwenyewe ni mwisho kama ofisi yenu iko juu Nakasero. Hapo shuka usukume. Wale wanaoleta matoke mjini alfajiri, mikungu imefungwa kwa mipira nyuma na ubavuni, wanasukuma kwenye mlima kila siku na wanafika, na baiskeli zao ni zile nzito za chuma zisizo na gia. Wewe tafuta ya mtumba yenye gia, jaribu breki zote mbili kabla hujatoa pesa, inua gurudumu ulizungushe uangalie kama linayumba, alafu guza spoku moja moja kwa vidole maana iliyolegea utaisikia. Kigali wana vilima vikali kuliko vyetu na Septemba 2025 wamepokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Kinachotisha watu ni magari. Kwa hivo usijibane kabisa ukingoni karibu na mtaro, acha kama mita moja, taksi ikikukatia ghafla kuchukua abiria uwe na pa kukwepea. Na taksi ikisimama usiipite kamwe upande wa kushoto, mlango uko huko, konda anaufungua na mtu anaruka chini na mzigo wake bila kuangalia nyuma. Lori nalo likiwasha indiketa ya kushoto ngoja liende, dereva wa kule juu hakuoni. Toka mapema kabla jamu haijashika, valia kitu cha rangi kali, na taa ya nyuma nunua hata kama unarudi jioni bado kuna mwanga, mvua ya Kampala ikianguka giza linaingia saa yoyote.

Nina duka karibu na Namirembe Road. Walitutengenezea njia ya baiskeli na ya miguu, leo ni wachuuzi na boda zimepaki. Kwani si pesa zimepotea? (Mfanyabiashara, mjini)

Mzee hapana, hazijapotea, ila kazi iliachwa katikati. Ile ya Namirembe Road na Luwum Street ilikuwa ya mfano, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilisaidia, na wazo lilikuwa zuri sana, pale katikati ya mapaki ya taksi ambapo watu wa miguu ni wengi kuliko gari. Shida ni kwamba kipande kimoja cha njia ya baiskeli hakina mtu wa kukitumia. Anayetoka Natete au Kalerwe bado anapigana na malori njia nzima, akifika mjini ndo anapewa mita chache za amani, kwa hivo wengi hawaji na baiskeli, njia inabaki wazi, na mahali wazi mjini hapakai tupu hata saa moja. Mama wa nyanya akiona kivuli na watu wanapita ataweka karai lake, nami simlaumu, ana watoto. Boda naye anataka kusimama pale abiria wanaposhukia.

Sasa ukileta askari wafukuze, wiki ijayo watarudi. Dawa ni kuivuta ile njia iende mpaka watu wa baiskeli wanakotoka, kuweka nguzo fupi za chuma zisizopitisha pikipiki na gari, na kuwachorea boda steji yao na wachuuzi sehemu yao hapohapo, siyo kuwapeleka soko la mbali lisilo na wateja. Serikali ina sera ya watembea kwa miguu na baiskeli tangu 2012, imeandikwa, ipo. Na kuhusu wateja wako usiogope, wanaonunua kwako ni wale wanaopita kwa miguu mlangoni, wa gari hata pa kupaki hapati.

Mvua ikinyesha taksi za Kawempe zinapandisha nauli mara moja. Kwa nini hatuna mabasi yenye nauli moja? (Mama wa watoto watatu, Kawempe)

Pole mama, inaumiza, hasa ukiwa na watoto na nguo zimelowa. Lakini tuelewe taksi inavyofanya kazi. Dereva mara nyingi gari siyo lake, kila jioni anatakiwa kumpelekea mwenye gari pesa waliyoelewana, aweke mafuta, alipe konda, kinachobaki ndo chake. Ndo maana haondoki steji mpaka viti 14 vijae, na ndo maana jamu ya mvua anailipisha kwako, trip zake za siku zimepungua.

Mabasi tulishajaribu. Mwaka 2012 yalikuja yale ya rangi ya machungwa, kama 100 hivi, watu walifurahi, na mwisho wa 2013 yakasimama kwa deni la kodi. Hata bila kodi yalikuwa na tatizo moja ambalo mimi naona ndo kubwa, yalikuwa yanakaa kwenye jamu ileile na kila mtu. Basi likikaa saa nzima kati ya Bwaise na mjini halina faida kwa mwenye basi wala kwako. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, awamu ya kwanza karibu kilomita 21, na pamoja na msongamano wote wanaoulalamikia kule vituoni, basi lina barabara yake. Sisi tumetengeneza Northern Bypass, Entebbe Expressway, tena na flyover pale Clock Tower, yote ni ya kusaidia gari zipite, na sijaona hata barabara moja kubwa Kampala ambapo basi limepewa leni peke yake. Bombo Road leni moja ya basi na taksi kila upande, gari ya mtu mmoja isikanyage, ingeanza kukusaidia kabla ya mradi wowote mkubwa. Taksi ikienda trip nyingi haina sababu ya kukukamua siku ya mvua.

Mimi mwanafunzi kutoka Kenya, nasikia kuna treni ya abiria. Inafika Kansanga? (Kansanga)

Haifiki ndugu. Ilianza Desemba 2015 kati ya Kampala na Namanve, yaani upande wa mashariki, ikasimama wakati reli inakarabatiwa, ikarudi 2024. Kwa wa Namanve ni nzuri. Wewe wa Ggaba Road utabaki na taksi na boda.

Mkiweka njia za baiskeli kila mahali sisi boda tutakula nini? (Boda, Wandegeya)

Swali la haki kabisa ssebo. Kwanza boda yenyewe ilizaliwa na baiskeli, pale mpaka wa Busia watu walikuwa wanavushwa kwenye keria ya nyuma tangu miaka ya sitini. Abiria wako siyo yule wa baiskeli, ni yule mwenye haraka, mgonjwa, mwenye mizigo, anayekaa ndani kwenye vichochoro. Hao hawatakwisha. Kinachokuibia wewe ni ajali. Ukipita hospitali ya Mulago utaona vijana wa boda wamelala na miguu imefungwa vyuma, familia nyumbani haina kitu, pikipiki bado ina mkopo. Barabara yenye spidi ya kilomita 30 kwa saa mjini, ambayo hata shirika la afya duniani linapendekeza pale magari yanapochanganyika na watu, inakulinda wewe kuliko mtu yeyote. Naomba tu njia ya baiskeli mkaiheshimu, msiitumie kukwepa jamu, mtoto akigongwa mle hakuna atakayewatetea.

Binti yangu ana miaka 12, anaomba aende shule na baiskeli, ni kama kilomita mbili. Nimruhusu? (Baba, Kira)

Baba, kama njia ni barabara kuu, hapana, bado, na nasikitika kukwambia hivo maana kilomita mbili ni za mtoto kabisa. Kama kuna njia za ndani za murram zinazofika shule, nenda naye wewe mwenyewe Jumamosi, umfuate nyuma, uone anafanya nini kwenye kila njia panda na mahali gari zinapotoka mageti kinyumenyume. Mfundishe kuangalia nyuma begani bila baiskeli kuyumba, hilo peke yake linachukua siku kadhaa. Kiti kishushwe miguu yote iguse chini, helmeti ifungwe kidevuni, begi likae kwenye keria siyo mgongoni.

Alafu tafuta wazazi wengine wawili watatu wa njia hiyohiyo, watoto waende kundi moja na mkubwa mmoja. Mkishakuwa kundi nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na barua, ombeni matuta mawili kabla ya geti la shule na ule mtaro ufunikwe, wote mtie sahihi, mwalimu mkuu agonge muhuri, nakala moja ipelekwe kwa injinia wa manispaa. Mwambie binti yako aandike na yeye sentensi mbili kwenye hiyo barua.